Nadharia Aliyoikataa Pacifique

Katika mwaka wake wa pili wa uzamivu chuoni Mbarara, Uganda, Pacifique alikonda mpaka mkanda wake ukatobolewa tundu jipya kwa msumari, na kilichomkondesha hakikuwa njaa wala malaria. Kilikuwa nadharia.

Kwa wasioijua adha hiyo, mambo yako hivi. Huwezi kusimama mbele ya maprofesa ukasema, "Nimekwenda kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimewaona watu, nao wanaishi hivi na hivi." Watakucheka mpaka chai iwapalie. Lazima useme umewatazama watu hao kwa nadharia gani, kwa nini hiyo na si ile nyingine, na nani mwingine ameitumia kabla yako. Nadharia ndiyo inayokuambia uulize nini na upite nini bila kugeuka. Ukichagua vibaya, miaka yako mitatu imekwenda na maji.

Pacifique alitaka kuandika juu ya familia. Alitaka kueleza jinsi watu waliofika Nakivale vipandevipande, huyu kapoteza mume, yule kapoteza wazazi, walivyopata tena ndugu, wakwe na watu wa kugombana nao asubuhi. Jambo hilo alilijua kwa ndani. Alifika kambini kutoka Fizi, Kongo, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, na sasa alikuwa na thelathini na minane. Nadharia aliyoichagua ilikuwa ile ya ustahimilivu, inayouliza jinsi watu wanavyoangushwa na dunia kisha wakainuka. Ni nadharia ya heshima, haina ubaya wowote, na maktabani imejaza rafu nzima. Wanafunzi wengi wanaoandika juu ya wakimbizi huichagua, kama vile wageni wengi hotelini huagiza wali na kuku.

Alifanya mahojiano tisa ya majaribio, akayarekodi, akayaandika yote kwa Kiswahili na Kiingereza, akampelekea msimamizi wake. Baada ya siku tano akaitwa.

Msimamizi huyo, Dokta Kyarisiima, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Masomo aliyazungumza kwa Kiingereza siku zote. Lakini baba yake alikuwa sajini, naye alizaliwa na kukulia katika nyumba za jeshi, kwa hiyo Kiswahili cha askari alikijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikitumia akikasirika au akifurahi sana. Pacifique alipoingia ofisini na kusikia Kiswahili, hakujua ni lipi kati ya hayo mawili.

"Sebo, bwana, kaa chini," Dokta alisema. "Hii kitu mimi nasikia kwa rekodi, na hii kitu wewe naandika, iko mbili tofauti kabisa."

Akabonyeza kompyuta yake. Sauti ya Mama Marcienne ikajaa ofisini, pamoja na jogoo wa jirani aliyekuwa akiwika nyuma yake siku ile.

"Gradi nilimuzala miye mwenyewe," sauti ilisema. "Nathalie tulimukuta mu njia, karibu na Bunagana. Alikuwa anaikala juu ya bido ya mafuta, peke yake, hata kulia halii. Nikangojea mama yake mupaka jua ikaenda. Hakuna mutu. Nikamubeba. Kufika fasi ya kujiandikisha, bakaniuliza, mama, uko na batoto ngapi? Nikasema babili. Ni pale alikuwa wangu, mbele ya ile meza."

Dokta akaisimamisha rekodi, akamsogezea karatasi. Pale chini ya Mahojiano Namba Moja, kwa mkono wa Pacifique mwenyewe, paliandikwa: *Nina watoto wawili, Gradi na Nathalie. Tulipitia Bunagana, tukafika Nakivale, tukaandikishwa.*

Pacifique aliyasoma neno kwa neno. Hakuwa amekusudia kudanganya. Hata hakukumbuka kwamba ameacha kitu. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Samahani, Dokta. Nitaandika upya."

"Samahani ya nini? Banange, wewe hujaona?" Dokta aliinuka, akaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, ambao si umbali mkubwa. Ndipo Pacifique alipotambua kwamba mama huyu hakukasirika hata kidogo. Alikuwa na furaha, na furaha yake ikamrudisha kwenye Kiingereza, akaanza kumwaga maneno. Sote tumekuwa tukidhani familia zinakuja kwenye foleni ya kuandikishwa, alisema, kumbe foleni ndiyo inayozizaa. Mtu anaulizwa swali mezani, anajibu, karatasi inaandikwa, na kutoka hapo watu wawili wanakuwa mama na mwana mpaka kufa. Undugu wa karatasi! Kwingine watu wamegusagusa, lakini kwa Nakivale hajaona aliyeandika hata ukurasa mmoja. Aachane na ustahimilivu. Achukue nadharia hii, alinganishe watu wanavyosimulia familia zao na zilivyoandikwa kwenye mafaili, na jopo la maprofesa litampigia makofi.

"Una wiki mbili mpaka jopo likae," alisema. "Leo hii nawaandikia wanajopo kwamba umebadilisha mkondo. Na ile nafasi ya mhadhiri msaidizi, ukilifurahisha jopo, ni yako. Mkuu wa idara ameniambia kwa mdomo wake."

"Ndiyo, Dokta," Pacifique akajibu. Ndivyo alivyozoea kujibu.

Alitoka, akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi nje ya maktaba. Mtu mwingine angeruka kwa furaha, na mimi nisingemlaumu. Lakini Pacifique alijua jambo moja ambalo Dokta hakulijua, na kulielewa inabidi turudi nyuma miaka kumi na mitano.

Wakati huo alikuwa mkalimani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Kifaransa cha shule, Kiingereza alichojifunza kwa Waganda na kwa redio, na shati moja jeupe. Kazi ya mkalimani katika mahojiano ya wakimbizi watu huidhani ni kugeuza maneno. Kumbe nusu yake ni kunyoosha. Mama anaulizwa alifika lini, naye anaanza na ndoto aliyoota usiku wa kuamkia safari, anapitia kwa shemeji yake, anasimama kidogo kwenye kisa cha mbuzi, kisha analia. Ofisa anatazama saa. Nje kuna watu mia na arobaini juani. Mkalimani anasema, "Alifika Machi." Hajadanganya. Amenyoosha tu. Na kadiri alivyonyoosha vizuri, ndivyo watu walivyompenda: maofisa kwa sababu kazi ilikwenda, wakimbizi kwa sababu maneno yao yalitoka yamepigwa pasi.

Mama Marcienne aliingia katika mahojiano hayo na watoto wawili, Gradi na Nathalie, mmoja mkono wa kulia na mmoja mgongoni. Ofisa aliuliza kama wote wawili amewazaa yeye. Mama akaanza kueleza habari ya mpakani Bunagana, ya njia, ya lile dumu la mafuta analoliita bido. Alikuwa hajafika hata nusu ofisa alipoinua kalamu na kumtazama Pacifique. Na Pacifique, aliyeona namna Nathalie alivyoushika ukosi wa mama, akasema kwa Kiingereza, "Ndiyo, wote ni wake."

Kalamu ikaandika. Mama Marcienne akamalizia kisa chake, akatoka akiamini amesema kila kitu na kila kitu kimeandikwa. Tangu siku hiyo aliamini hivyo. Faili lake lilikuwa limebeba uongo miaka kumi na mitano bila yeye kujua, na aliyeuweka mle alikuwa Pacifique.

Na faili hilo sasa lilikuwa safarini. Mama Marcienne, Gradi na Nathalie walikuwa wamekubaliwa kuhamia Kanada. Walingoja tarehe tu.

Jumamosi ile Pacifique alishuka Nakivale. Alipita Masha akatazama migomba bila kuiona, akapita Kabingo, na boda ikamfikisha kijiji cha New Congo akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amekata shauri kwamba atamwambia mama huyu ukweli wote. Njia nzima alikuwa ameipanga hotuba yake.

Alimkuta uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama Marcienne alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, wa miaka hamsini na kitu, anayeuza mawese na samaki wadogo sokoni, na anayejulikana kijiji kizima kwa kutovumilia kitu kilichokaa upande. Ukimpa chenji zaidi kwa bahati mbaya, atakufuata mpaka kwako. Msalaba wa kanisa lao ulipoinama kwa upepo, ni yeye aliyepanda ngazi, si mchungaji.

"Mwalimu! Karibu, mutoto wangu," aliita bila kuacha mchi, maana kijijini aliyesoma sana huitwa hivyo. "Umekonda hivi juu ya nini? Huko Mbarara hakuna bugali?"

"Iko, Mama. Ni masomo."

"Masomo inakula mutu hivi?" Akamwita Nathalie alete kiti.

Nathalie alitoka ndani na kitana kimechomekwa kwenye nywele, kwa maana alikuwa anasuka mteja. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisalimia, akaweka kiti, na palepale akaanza kubishana na mama yake kuhusu chumvi ya sombe. Mama akasema hajaombwa ushauri. Binti akasema ndiyo maana siku ile hata Gradi hakumaliza. Walibishana wote wawili mkono kiunoni, shingo imeelekezwa upande uleule. Pacifique aliwatazama, akasahau sentensi ya kwanza ya hotuba yake.

"Tumepita kwa munganga wa safari," Mama alisema Nathalie aliporudi ndani. "Sisi bote batatu tuko wazima. Sasa inabaki tarehe. Iko karibu, banasema."

"Mungu asifiwe, Mama." "Ile siku ya mahojiano ya kwanza ofisini, unaikumbuka?"

"Siikumbuke namna gani? Ni weye ulinisemea." Mchi ukasimama, uso wake ukalainika. "Nilikuwa ninatetemeka, nikasema maneno mingi bila mupango, na weye ukayaweka sawa. Yule ofisa hakuuliza tena hata kestion moja. Miye ninakuombeaka kila juma mosi juu ya ile siku."

Pacifique alifungua mdomo. Aliwaza: nikimwambia, Jumatatu asubuhi atavaa kitenge chake cha kanisani, atakwenda ofisini kwa miguu, na atawaambia, kuna kosa katika dosiye yangu, ninataka kulinyoosha. Hakuna mtu duniani atakayemzuia. Faili litarudishwa mezani, Nathalie ataondolewa kwanza ili achunguzwe, na huo uchunguzi utachukua miaka mingapi? Nathalie mwenyewe alijua tangu utotoni kwamba aliokotwa njiani, walilitania jambo hilo kama watu wanavyotania pua za ukoo. Lakini faili halijui utani.

Akaufunga mdomo. Akala sombe, akasema chumvi iko sawa, na hotuba akarudi nayo Mbarara.

Sasa usidhani alikata shauri mara moja. Mimi ningependa kusema hivyo, ingempendeza yeye na sisi pia. Ukweli ni kwamba Jumatatu alikaa akaanza kuandika undugu wa karatasi, akijiambia kwamba atabadilisha majina, atasema mama huyo alipitia Uvira badala ya Bunagana, atamgeuza Nathalie awe mvulana. Akaandika siku nne. Zikatoka kurasa kumi na mbili, na zilikuwa nzuri. Alizisoma kwa sauti chumbani kwake akashangaa kwamba ni yeye. Kwa miaka yote alikuwa akiandika kama mtu anayeomba ruhusa, na sasa aliandika kama mtu anayejua. Alijua vilevile kwamba jopo lingenyamaza kimya likimsikiliza.

Siku ya tano alifika sehemu ya mbinu. Akaandika: *Mtafiti atalinganisha masimulizi ya wahojiwa na kumbukumbu za usajili wao.* Akaisoma sentensi hiyo. Kisha akatoa kwenye bahasha kibali chake cha utafiti, akasoma sharti la saba, ambalo alilijua tangu alipolitia sahihi: nakala moja ya kila ripoti ipelekwe katika ofisi ya wakimbizi iliyotoa kibali. Na watu wa ofisini husoma. Miaka ya nyuma mwanafunzi mmoja aliandika kwa nia njema tu kwamba watu huazimana watoto siku ya kuhesabiwa. Mwaka uliofuata kijiji kizima kilihesabiwa upya, alama za vidole, picha, vikongwe wamekaa chini juani siku tatu. Hakukuwa na jina hata moja katika tasnifu ile. Jina halikuhitajika. Walihitaji kujua tu kwamba jambo hilo lipo.

Angeweza kumficha Mama Marcienne. Asingeweza kuificha foleni. Na katika foleni ile walisimama mamia, kila mmoja na mtoto wake wa njiani, kaka yake wa kwenye lori, bibi yake aliyempata kwenye hema. Watu hao walikuwa wamelea, wameozesha na kuzika pamoja. Hawakuwa na haja ya Pacifique kuthibitisha kwamba ni ndugu.

Alizihifadhi kurasa kumi na mbili mahali ambapo hata yeye angepata shida kuzifikia. Akaondoa Mahojiano Namba Moja. Katika manane yaliyobaki akaondoa mengine mawili, kwa sababu sasa alisikia ndani yake vitu ambavyo hakuvisikia kabla. Yakabaki sita. Akarudi kwenye ustahimilivu kama mtu anayerudi kwenye kiatu cha zamani, akamtumia Dokta pendekezo lake la utafiti usiku wa kuamkia siku ya jopo. Dokta alipiga simu mara tatu. Pacifique alitazama simu inavyotetemeka juu ya meza, asiipokee. Ulikuwa woga, na hatuna haja ya kuupa jina zuri zaidi.

Jopo lilikuwa na watu watano. Walikuwa wamesoma barua ya Dokta Kyarisiima na walikuja wamejiandaa kufurahi. Pacifique alisimama mbele yao na suti ya kuazima, akaeleza ustahimilivu kwa dakika ishirini. Katika dakika ya kumi profesa mmoja mzee aliyetoka Kampala alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kufunua karatasi zake nyuma mbele kama mtu aliyepewa mzigo usio wake.

"Kijana," alisema mwishoni, naye kwa umri wake alikuwa na haki ya kumwita hivyo, "barua tuliyopewa inazungumzia undugu wa karatasi. Nilisafiri kwa saa tano kuja kuusikia. Umekwenda wapi?"

"Nimeuacha, Profesa."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa jibu zuri, la kitaaluma kabisa, lingeweza kujaza sura nzima: kwamba kuna maarifa ambayo yakiandikwa huwadhuru walewale waliokupa. Lakini ungemjibu hivyo profesa, angeuliza, yanawadhuru vipi? Na hapo ungekuwa umekwisha kusema. Katibu wa jopo alikuwa na kalamu mkononi, akiandika kila kitu.

"Sikuuelewa vizuri, Profesa," Pacifique alisema.

Mwanajopo mwingine aliuliza mahojiano matatu yamekwenda wapi, kwa kuwa barua ilisema tisa. Akajibu kwamba hayakutoka vizuri. Mwingine akauliza kuna jipya gani katika kazi hii. Akasema ataendelea kutafuta. Jasho lilimtiririka mgongoni ndani ya suti ya watu. Aliona aibu, aibu ya kweli ya mtu mzima, na aliona pia kwamba Dokta Kyarisiima amekaza macho mezani asimtazame.

Walimtoa nje, wakamrudisha. Pendekezo halikupita. Alipewa miezi sita alirekebishe, na kwenye ripoti wakaandika kwamba mwanafunzi ni mwenye bidii ila uwezo wake wa kinadharia ni mdogo. Nafasi ya mhadhiri msaidizi alipewa Vénant, Mrundi waliyesoma naye, aliyeandika juu ya soko la maharage na ambaye, tuseme haki, alistahili.

Dokta alimngoja ofisini. Hakumwambia akae.

"Wewe ulinichomea," alisema kwa Kiswahili chake. "Mbele ya watu. Mimi nasifu wewe, nasema huyu mtu iko na kichwa, halafu unakuja kuimba wimbo ya zamani. Kwa nini?"

Pacifique akafunga kifungo cha suti. Dokta alimtazama muda, na polepole hasira ikaanza kumtoka usoni, kwa sababu hakuwa mjinga, na mtoto wa sajini hujifunza mapema kusoma watu wasiosema.

"Ni yule mama wa rekodi?"

Pacifique akakifungua.

"Faili yake inasema nini?"

Akakifunga tena.

"Na siku ile ya ofisi..." Akakumbuka kazi aliyoifanya Pacifique kabla ya chuo. "Nani alitafsiri yeye?"

Pacifique alitazama viatu vyake. Dokta akaketi, akaigeuza kompyuta upande wa Pacifique ili aone. Akaitafuta rekodi ile, akaifuta. Akafungua mahali vitu vilivyofutwa vinapokaa, akaifuta tena. Kisha akarudi kwenye Kiingereza, sauti ikiwa chini kuliko alivyowahi kuisikia.

"Tasnifu yako itakuwa ya kawaida, unajua hilo? Kuna watu watakupita ambao hawakufikii hata magotini."

"Najua, Dokta."

"Basi njoo Jumatano. Tutafanya ya kawaida nzuri."

Pacifique alilia kidogo akiwa ngazini, akajifuta na mkono wa suti, kisha akakumbuka kwamba suti si yake.

Wiki tatu baadaye akapata ujumbe: tarehe imetoka, ni Alhamisi. Akashuka Nakivale Jumapili kuaga. Uani kwa Mama Marcienne palijaa mabeseni, sufuria na vitu vya kugawia majirani, na Angeline, Mrundi wa nyumba ya pili, alikuwa ameshapewa kinu na mchi akavikalia ili visichukuliwe na mtu mwingine. Gradi alikuwa anapima mabegi kwa mzani wa kuazima. Nathalie alikuwa amejisuka nywele mpya, macho yamemvimba kwa kuaga marafiki.

Mama Marcienne alimketisha Pacifique, akamwekea bugali na samaki, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula.

"Na ile mitihani yako? Ulishinda?"

"Bado, Mama. Wamenirudisha. Wamenipa miezi sita."

"Banakurudisha? Weye?" Alishtuka kwelikweli. "Juu ya nini?"

"Walisema kichwa changu si kikubwa sana upande wa nadharia."

Mama aliangalia mikono yake, akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye kitenge, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hatia.

"Pengine ni miye. Siku ile ulikuja na mashine yako, nilikueleza mubaya. Nilisema hapa na pale, bido, njia, jua, maneno mingi tu. Nilifurahi sana kuulizwa, ndiyo sababu. Sasa bamekurudisha juu yangu." Akainuka nusu. "Iko mashine hapa? Nikueleze tena, pole pole, yote kwa mupango. Ama kesho tunapita ofisini kusaini, nitabaambia bale bantu bakuandikie barua, niseme mbele yao vile nilimupata Nathalie, bajue kama ulifanya kazi yako vizuri."

"Hapana, Mama!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata Gradi akageuka na begi mkononi. Pacifique akaishusha. "Hapana. Weye ulieleza vizuri kuliko wote. Kwa kweli. Usiende kumwambia mtu. Ni mimi tu, kichwa kigumu. Ulinieleza vizuri na mimi sikuelewa."

Mama Marcienne alimtazama kwa huruma ambayo hakuna profesa angeweza kuipata hata akisoma miaka mia. Akaketi. Akampapasa goti mara mbili.

"Basi haiko kitu, mutoto wangu. Si bantu bote banapewa kichwa ya vitabu. Weye Mungu alikupatia kinywa ya kusemea bengine, na ile pia ni kazi."

Akamwita Nathalie amfungie Mwalimu unga na samaki wa kubeba. Alipomsindikiza mpaka barabarani alimvuta Angeline pembeni, si mbali sana kwa kuwa sauti zao zote mbili zilikuwa kubwa, akamwomba abaki akimwangalia Mwalimu kila atakaposhuka, amlishe, asimwulizeulize habari za shule, kwa sababu anasoma usiku na mchana na maskini haelewi upesi. Angeline akaahidi, akiwa bado ameshika mchi. Pacifique alikuwa amesimama palepale na mfuko wa unga mkononi, akawasubiri wamalize, kisha akawashukuru wote wawili.